Majina Mia Sita na Kumi na Mbili

23 Machi

Mvua ya kwanza ya muhula imenyesha tukiwa mkutanoni, na hakuna aliyekimbia. Naliandika hili mapema ili atakayezisoma kurasa hizi, awe mtafiti wa harakati au mpelelezi wa uongozi, ajue tulikuwa watu wa namna gani.

Suala lenyewe ni hili. Chuo kina wanafunzi wanne wasioona, na kina mwanamke mmoja aliyeajiriwa kuwasomea vitabu kwa sauti, katika chumba namba saba cha maktaba, mwaka wa kumi na tisa sasa. Tunamwita Mama Msomaji. Wiki iliyopita Msajili alibandika tangazo kwamba ajira yake inakoma katikati ya Mei na kazi yake itafanywa na mashine. Mashine tumeisikia. Inasoma Kiswahili kama mtu aliyelazimishwa, ikikutana na jedwali inanyamaza, na vitabu vya chapa ya zamani, ambavyo ndivyo vingi, haivitambui kabisa.

Njia ni moja tu. Kanuni zinasema waraka wa malalamiko wenye saini mia tano za wino, si kopi, lazima usikilizwe na Baraza la Chuo. Baraza linakaa tarehe 15 Mei. Tukishindwa, Mama Msomaji anafungasha, na Katibu wa kamati yetu, binti asiyeona tangu utotoni na aliyebakiza mitihani ya mwisho, ataachiwa mashine.

Nimechaguliwa mwenyekiti kwa shangwe. Nilihutubia dakika arobaini. Katibu anadai zilikuwa sitini.

27 Machi

Saini sabini na tisa. Mvua.

2 Aprili

Nimekaa chumba namba saba asubuhi nzima nikimsikiliza Mama Msomaji akimsomea Katibu sheria ya ardhi. Mama huyu haruki kitu. Husoma jalada, husoma mwaka wa chapa, husoma tanbihi za herufi ndogo kama kunguni, husoma hata "ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi."

"Mama, hapo si ungepita tu?" nikamwambia.

"Nipite niende wapi, baba? Mwenyewe kaandika. Mimi ni nani wa kumpunguzia mtu kitabu chake?"

Katibu akacheka bila kusimamisha mashine yake ya nukta nundu, ambayo hupiga kelele kama mtu anayevunja karanga kwa nyundo. "Mshukuru Mungu haruki, Mwenyekiti. Tasnifu yako ingebaki shukrani na ukurasa wa vitabu vya rejea."

Ana haki ya kutania. Sura zote za tasnifu yangu amezisikiliza nikimsomea, na pale nilipopayuka alinirudisha mstarini. Nimemtaja wa kwanza katika shukrani. Kama harakati hizi zina mtu ninayemwamini, ni yeye.

9 Aprili

Mia tatu na arobaini. Mpole, mwenzangu wa chumba, ambaye kwa kawaida hawezi kumwomba mtu hata chumvi, amekusanya hamsini peke yake kwenye foleni ya chakula. Nimemwita shujaa mbele ya watu. Akainama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

17 Aprili

Mia sita na kumi na mbili! Karatasi thelathini na moja, wino halisi, majina ya wana na mabinti waliokataa kunyamazishwa! Nilipanda juu ya benchi, benchi likavunjika mguu, nikaendelea kuhutubia nikiwa nimelala upande.

Kwa mujibu wa katiba ya kamati, nyaraka hutunzwa na Katibu. Amezitia katika mkoba wake wa ngozi wenye vifungo viwili.

20 Aprili

Barua imetoka kwa Msajili: mbele ya Baraza atazungumza mtu mmoja tu, na wanapendekeza awe mwanafunzi anayeguswa na jambo lenyewe. Yaani Katibu. Nimefurahi kwa ajili yake. Nasisitiza: nimefurahi.

Lakini leo saa tano nimemwona akitoka ofisini kwa Msajili, na wote wawili wanacheka.

"Mlikuwa mnacheka nini?" nikamwuliza.

"Kaniuliza kama nimeijaribu mashine yao. Nikamwambia nimeijaribu, imeniita bwana."

"Na hilo ndilo la kuchekea na adui?"

"Adui ni mkubwa wa kitengo mwenye mafua, Mwenyekiti. Kuna vita ambavyo havitaki kelele."

Sitalala vizuri. Harakati ngapi zimeuzwa kwa kicheko ofisini?

22 Aprili

Nilipita chumba namba saba mchana. Hakuna la kuandika.

24 Aprili

Nimerudi chumbani kutoka darasani nikakuta meza yangu tupu. Mpole, bila kuombwa, ameichukua tasnifu yangu iliyokamilika akaipeleka kwa fundi wa jalada. "Nilikuona umebanwa na mikutano, ndugu yangu, nikaona nikupunguzie mzigo."

Nilimshukuru. Naamini nilimshukuru.

25 Aprili

Kwa fundi wa jalada. Nakala mbili mkononi, rangi ya bluu, kazi safi. Kichwa kinaniuma.

28 Aprili

Imetokea.

Katibu aliitisha kikao cha dharura, akasimama, akasema kwa sauti kavu: "Karatasi hazimo. Nimefungua mkoba leo kuziandikia orodha, sikuzikuta. Mara ya mwisho nilizigusa tarehe 22 asubuhi, na jioni hiyo mkoba nikaufungia kabatini."

Watu walitazamana. Halafu wote wakanigeukia mimi, na nakiri kwamba kijasho chembamba kilinitoka. Kiongozi hubeba aibu ya wote.

"Nani ameushika mkoba wako?" nikauliza.

"Sijui. Huwa nauweka kitini nyuma yangu ninapoandika."

"Hujui!" nikasema, na neno hilo nililirudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, maana nilihisi kwamba nikiacha kusema kitatokea kitu. "Watu mia sita wamekukabidhi majina yao, na jibu lako ni hujui?"

Akageuza uso kuelekea nilipo. "Mkoba wangu huanza kufungwa kifungo cha kulia. Leo nimekuta kifungo cha kulia kiko wazi na cha kushoto kimekazwa hadi tundu la mwisho. Aliyeufunga alikuwa na haraka."

Wengine waliguna kwa mshangao. Mimi niliona ni ujanja: mtu anayejua sana namna mkoba ulivyofungwa ndiye aliyeufungua.

Wiki mbili za kujisomea zimeanza na nusu ya wanafunzi wamekwenda makwao. Tumekubaliana kuanza kukusanya upya kwa waliobaki. Kila mtu anajua hatutafika.

29 Aprili

Siwezi kula. Nimepanga washukiwa watatu: mlinzi wa maktaba, Mpole, Katibu. Mlinzi nimemfuta, alikuwa likizo. Kwa nini Mpole yumo, sitaeleza hapa. Kuna mambo ambayo hata shajara haifai kuaminiwa nayo.

30 Aprili

Nimemfuatilia Mpole tangu asubuhi. Saa tisa alitoka na mfuko aliokuwa akiuficha chini ya koti. Alipita nyuma ya majengo ya sayansi, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Nikajibanza. Akaingia lango la bwawa la kuogelea. Nikasubiri nimnase akikabidhi karatasi kwa mjumbe wa Msajili.

Alitoka bafuni akiwa amevaa bukta na boya la mtoto mkononi. Mwalimu akamwambia, "Leo ukitia kichwa majini tutakupigia makofi." Anajifunza kuogelea, anaona haya.

Aliponiona nyuma ya ua alipiga kelele, "Kaka, usimwambie mtu!" Nikaapa. Nimemfuta. Amebaki mmoja.

2 Mei

Siku nzito. Naiandika yote.

Nilisimama mbele ya kamati nikiwa na hoja nne, zimepangwa kama matofali. Kwanza: nyaraka zilikuwa chini ya ulinzi wake na si wa mwingine. Pili: siku mbili kabla ya nyaraka kupotea, alionekana akicheka na Msajili. Tatu: yeye mwenyewe alitamka kwamba kuna vita ambavyo havitaki kelele, na mtu asiyetaka kelele hataki saini mia sita. Nne: hajalia.

Mmoja akasema, "Hilo la nne si hoja."

"Ni tabia!" nikamjibu, na wengine wakanipigia makofi. Nilikuwa na siku yangu. Maneno yalikuja yenyewe. Nilisema wanyonge husalitiwa kwanza na wanyonge wenzao. Nilisema usaliti hauna macho. Nilipoisikia sentensi hiyo ikinitoka nilitamani kuirudisha, lakini makofi yalikuwa yameshaanza.

Katibu alisubiri watulie.

"Mwenyekiti, nikuulize moja. Tarehe 22 mchana Mama Msomaji alipokwenda kuchukua chai, nilikuwa naandika, na mashine yangu unaijua kelele zake. Aliyeingia hakunisalimia. Watu wa kamati hii wote hunisalimia wakiingia, kwa sababu wanajua sioni. Nani miongoni mwenu angeingia bila kunisalimia?"

"Adui," nikasema.

"Au mtu aliyekuwa anajua nitaitambua sauti yake."

Nikaitisha kura. Saba dhidi ya wawili. Mmoja wa hao wawili ni Mpole, aliyeinua mkono juu kabisa asiushushe hadi mwisho wa kuhesabu. Katibu ameondolewa kwenye kamati na hatazungumza mbele ya Baraza. Alikunjua fimbo yake, akatoka. Mlangoni alisema, "Mimi nina mitihani sita na msomaji mmoja. Ninyi mna nini?"

Sasa msemaji ni mimi. Hakuna namna nyingine.

3 Mei

Mvua kubwa. Saini mpya kumi na moja.

5 Mei

Mama mzazi amepiga simu kutoka nyumbani. Nilimweleza habari za usaliti kwa kirefu. Akasema, "Mwanangu, wewe tangu mdogo ukianza kuzungumza hivi, huwa umevunja kitu."

Nikamwambia mtandao ni mbaya.

8 Mei

Mama Msomaji amepewa barua. Siku ya mwisho: 15 Mei. Nilimkuta akipanga vitabu kwenye maboksi, anafuta vumbi kila kimoja. Hakunilaumu. Alinisogezea kiti. Nikasema nina haraka.

11 Mei

Saini mia moja na kumi na nane. Tumekwisha.

12 Mei

Naandika haya kabla ya chakula cha mchana.

Saa nne Mpole alinijia mbio. "Unaitwa chumba namba saba. Katibu amesema uje na masikio, mdomo uache."

Nikaenda. Mama Msomaji alikuwa ameketi dirishani na kitabu cha jalada la bluu mapajani. Nilikitambua kabla ya kukaa. Ni tasnifu yangu, nakala ya idara, iliyokwisha kuwekwa maktaba.

"Kaa," Katibu akasema. "Niliiazima jana. Nilitaka kujua kama jina langu bado limo katika shukrani, au umelitoa."

"Limo," nikasema.

"Limo. Tumelisoma. Halafu nikamwambia mama basi, inatosha, sura zenyewe nazijua. Mama akakataa."

"Kitabu hakisomwi kichwa peke yake," akasema Mama Msomaji, akarekebisha miwani. "Tulifika hapa jana jioni, mlinzi akaja kufunga maktaba. Leo tunaendelea. Ukurasa wa tisini na sita." Akasoma hitimisho la sura ya nne, sauti yake ikiwa tulivu kama ya mtu anayesuka mkeka. Akafungua ukurasa. "Ukurasa unaofuata hauna namba. Umeandikwa kwa mkono. Moja." Na akasoma jina.

Lilikuwa jina langu. "Saini, wino wa bluu," akasema. "Mbili."

Jina la Katibu. "Alama ya dole gumba. Tatu."

Moyo ulinipasuka kwa furaha kabla sijakumbuka kuogopa. Zipo! Zote zipo! Nikainuka, nikafungua mdomo.

"Endelea, mama," Katibu akasema.

Na mama akaendelea. Alisoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila jina kwa ukamilifu wake, kila saini na rangi ya wino wake. Nilisikia jina la yule aliyesaini akiwa na mkono wa bendeji, na la wale mapacha waliogombania kalamu. Ilichukua saa moja na robo. Hakuna aliyenizuia kuondoka, na sikuweza kuondoka. "Mia sita na kumi na mbili," akasema mwishoni. "Saini, wino mweusi, umelowa mvua. Kisha: Marejeo."

Katibu akaweka mikono mezani. "Sasa zungumza."

Nikazungumza, na hapa naandika nililosema, kwa sababu shajara hii imedanganywa vya kutosha.

Tarehe 22 Aprili mchana niliingia chumba hiki bila kusalimia. Mashine ya Katibu ilikuwa inapiga kelele. Nilifungua mkoba wake nyuma ya mgongo wake nikachukua karatasi thelathini na moja. Nilijiambia namlinda na Msajili. Si kweli. Nilitaka siku ya Baraza zitoke mkononi mwangu, na wao waombe wa kuzungumza awe yule aliyeziokoa. Nikazificha katikati ya tasnifu yangu, kati ya sura ya nne na marejeo, kwa sababu hakuna binadamu anayesoma tasnifu ya mwenzake. Siku mbili baadaye Mpole akaibeba ilivyo kwa fundi. Nikakimbia kwa fundi. Nakala mbili nilizopewa hazikuwa na majina. Nikasadiki zimeibwa njiani. Fundi hakutoa kopi ya karatasi za mkono zisizo na namba. Alizishona katika nakala ya asili tu, na ile ilikuwa imeshakwenda idarani. Sikuuliza habari za nakala ya tatu. Kuuliza kungekuwa kukiri.

Na Katibu alipotangaza kwamba zimepotea, nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Nikasema mengine elfu.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Tarehe 28 nilihisi. Tarehe 2, uliposema 'adui' haraka namna ile, nilijua. Lakini kujua si ushahidi, na wewe ulikuwa na makofi."

"Nisamehe."

"Sijakusamehe. Nina mtihani Jumatatu." Akamgeukia Mama Msomaji. "Mama, marejeo yana kurasa ngapi?"

"Tisa."

"Tusome."

13 Mei

Niliitisha kamati, nikasema yote kwa dakika nne. Hotuba yangu fupi kuliko zote, na ya kwanza isiyopigiwa makofi. Nimejiuzulu. Katibu amerudishwa kwa kura tisa. Mmoja aliyenishangilia zaidi tarehe 2 ameniita mnafiki mbele ya wote. Nikamwambia umesema kweli, akakaa.

Mpole aliniletea chai chumbani. "Ulinishuku na mimi?"

"Siku moja na nusu."

Alifikiri. "Ndiyo maana ulikuwa nyuma ya ua." Akaenda kuogelea.

Nimelala usingizi wa mchana kama mtoto, mara ya kwanza tangu Aprili.

15 Mei

Sikuruhusiwa ndani, na ni haki yao. Nasimulia hapa kama alivyosimulia Mpole, aliyembebea Katibu kitabu.

Katibu aliweka tasnifu mezani. Msajili akapiga chafya, akasema, "Hii ni tasnifu. Kanuni inataka waraka."

"Kanuni inataka saini mia tano za wino," Katibu akamjibu. "Haijasema zisishonwe."

Wajumbe wakaanza kuhesabu wenyewe, kitabu kikipita mkono hadi mkono. Mzee mmoja wa Baraza, akitafuta majina, akajikuta anasoma sura ya nne, ikabidi wamwombe aendelee mbele. Katibu akapewa dakika kumi, akatumia tatu. Aliomba mashine iletwe, ikawekewa ukurasa wa sheria ya ardhi wenye jedwali. Ikasema "jedwali" ikanyamaza. Kisha akamwomba Mama Msomaji asome ukurasa huohuo.

Mama Msomaji anabaki. Mkataba wa miaka mitano, na mashine itamsaidia kusoma barua fupi.

Nilikuwa nje uwanjani waliponipungia mkono kutoka dirishani. Nilikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Sikutaka kusema kitu chochote.

20 Mei

Kamati ya nidhamu: onyo kali, na nirekebishe tasnifu. Msimamizi wangu ameandika pembeni: "Sura ya nne ni dhaifu. Kurasa zinazofuata ni hoja nzito kuliko zote, lakini si zako."

23 Mei

Mama Msomaji ana homa. Daktari amempa siku tatu za kupumzika. Katibu amebakiza mitihani miwili.

Saa mbili asubuhi Mpole alinipa ujumbe: chumba namba saba, na nije na maji ya kunywa. Katibu alikuwa ameshakaa, sheria ya mirathi mezani, kurasa mia moja na arobaini.

"Wengine wote wana mitihani yao," akasema. "Wewe huna. Soma."

Nikaanza. Nilifika aya ya pili akagonga meza.

"Usihutubie. Mwandishi hajakasirika, wewe unamkasirisha. Soma alichoandika."

Nikashusha sauti. Aya ya tano akagonga tena. "Umeruka tanbihi."

"Ni namba ya ukurasa tu."

"Ya kitabu gani?"

Nikarudi, nikasoma tanbihi. Nikasoma jedwali, mstari kwa mstari, safu kwa safu. Nje mvua ilikuwa imekatika na watu wanaanika nguo kwenye ua. Saa tano sauti ilikwaruza, nikanywa maji, nikaendelea. Hakuna neno hata moja lililokuwa langu, na sijui kwa nini kifua kilikuwa chepesi namna ile.

Saa saba alifunga mashine yake ya nukta nundu, akanyoosha mgongo.

"Unasoma vibaya," akasema. "Kesho saa mbili. Na ukiingia, salimia."